Mbegu za mboga za kienyeji: Akiba isiyodumu ila kwa kupandwa na kugawanwa

KWA zaidi ya mwongo mmoja, mkulima wa Kenya aliyemuuzia jirani au kubadilishana naye kiganja cha mbegu za mnavu alizozivuna shambani mwake, mbegu zisizosajiliwa wala kukaguliwa, alikuwa akijiweka katika hatari ya kufikishwa mahakamani. Sheria ilimtishia kwa kifungo cha hadi miaka miwili gerezani, faini ya hadi Sh1 milioni, au adhabu zote mbili kwa pamoja.

Hali hiyo ilibadilika Novemba 27, 2025, pale Jaji Rhoda Rutto wa Mahakama Kuu mjini Machakos alipotamka kuwa vipengele kadhaa vya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea vilikuwa vinakiuka Katiba. Kesi hiyo ilikuwa imewasilishwa mwaka wa 2022 na wakulima wadogo 15, waliodai kwamba desturi ya kuhifadhi na kugawana mbegu za kienyeji, waliyoirithi kutoka kwa wazazi wao, ilikuwa imegeuzwa kuwa uhalifu.

Uamuzi huo ulishangiliwa na wengi. Hata hivyo, mahakama huweza kumrudishia mkulima haki yake, lakini haiwezi kumrudishia mbegu zilizokwisha kupotea, wala ujuzi wa kuzitunza zile zilizosalia. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya mbegu huoza. Mbegu iliyofungiwa kabatini bila kupandwa hufa kimyakimya, na inayomilikiwa na mtu mmoja pekee hutoweka siku ukame au mafuriko yanapolikumba shamba lake. Ndiyo sababu mwenye bustani anahitaji kuelewa jinsi mbegu inavyochaguliwa, inavyokaushwa, inavyowekwa na inavyogawanwa.

Sheria ilikusudia nini?

Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, ambayo ni Sura ya 326 ya Sheria za Kenya, ilipitishwa mwaka wa 1972. Nia yake ya msingi haikuwa mbaya. Ilinuia kumkinga mkulima dhidi ya walaghai, ili mbegu inayouzwa dukani iwe safi, iwe na uwezo wa kuota, na iwe ya aina ile ile iliyoandikwa kwenye pakiti. Kazi ya ukaguzi huo hutekelezwa na KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea lililoanzishwa mwaka wa 1996. Yeyote aliyewahi kununua mbegu ghushi na kupoteza msimu mzima anafahamu umuhimu wa ulinzi huo.

Tatizo lilizuka pale masharti yaliyofaa kampuni za mbegu yalipowekewa pia mama mwenye kitalu nyuma ya jikoni. Marekebisho ya mwaka wa 2012 yaliikaza sheria, yakaharamisha biashara na ubadilishanaji wa mbegu ambazo hazijasajiliwa na kuidhinishwa. Aidha, wakaguzi walipewa mamlaka makubwa ya kuingia katika hifadhi za mbegu na kutwaa walichokipata humo. Mbegu za mboga za kienyeji, ambazo kwa sehemu kubwa hazijawahi kusajiliwa na yeyote, zikajikuta upande usiofaa wa sheria.

Ilhali Katiba iliyozinduliwa mwaka wa 2010 ilikuwa imeelekeza vingine. Kifungu cha 11 kinalitaka Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu na aina za mimea za kienyeji, pamoja na matumizi yake na jamii za Kenya. Kifungu cha 43 nacho kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika.

Ifahamike kwamba hukumu ya Machakos haikuifuta sheria nzima. Kesi hiyo ilihusu hasa desturi za wakulima na mbegu za kienyeji. Mtu anayefunga mbegu kwenye pakiti na kuziuza kwa umma akidai kwamba zimeidhinishwa, ilhali hazijaidhinishwa, hawezi kuutumia uamuzi huo kama ngao.

Mbegu hutoka wapi?

Kuna dhana kwamba mkulima wa kisasa hununua mbegu zake dukani. Hali halisi ni tofauti. Mwaka wa 2016, watafiti Shawn McGuire na Louise Sperling walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo. Waligundua kuwa takriban asilimia 90 ya mbegu walizotumia wakulima wadogo zilitoka nje ya mfumo rasmi: katika maghala yao wenyewe, kwa majirani na jamaa, na hasa katika masoko ya mitaa, yaliyochangia zaidi ya nusu ya mbegu zote.

Kwa mboga za kienyeji, utegemezi huo una historia yake. Kwa miaka mingi mboga hizi zilidharauliwa kuwa magugu au chakula cha maskini, huku kabeji na sukuma wiki zikipewa nafasi ya kwanza katika mafunzo ya kilimo na katika maduka ya pembejeo. Kampuni hazikuona faida ya kuzalisha mbegu zake. Zilidumu kwa sababu tu kulikuwa na watu, wengi wao wanawake, ambao kila msimu waliacha mashina machache yakomae, wakaning'iniza mashuke juu ya meko ili moshi uyakinge dhidi ya wadudu, na kumgawia yeyote aliyebisha hodi kuomba.

Majina yenyewe yanadhihirisha mapana ya urithi huo. Mnavu ndio managu kwa Wakikuyu, osuga kwa Wajaluo na rinagu kwa Wakisii. Mgagani ndio chinsaga kwa Wakisii, dek kwa Wajaluo na tsisaka kwa baadhi ya Waluhya. Mrenda huitwa murere magharibi mwa nchi na apoth katika eneo la Nyanza, nao mchicha ni terere kwa Wakikuyu na ododo kwa Wajaluo. Nyuma ya kila jina mna aina kadhaa: yenye majani mapana au membamba, chungu au isiyo chungu, inayostahimili jua au inayopenda baridi.

Dharau hiyo ilianza kupungua kuelekea mwisho wa karne iliyopita. Kazi ya watafiti kama vile Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ilionyesha umma thamani ya mboga hizi kwa lishe. Mnamo 2021, shirika la UNESCO liliiingiza juhudi ya Kenya ya kukuza vyakula vya kiasili katika orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi wa kitamaduni. Kufikia wakati huo, mafungu ya managu na terere yalikuwa yamekwisha kuwa bidhaa ya kawaida katika maduka makubwa ya mijini.

Je, si kazi ya serikali kuhifadhi mbegu? Kenya ina hifadhi ya kitaifa huko Muguga, Kaunti ya Kiambu, iliyoanzishwa mwaka wa 1988, ambako makumi ya maelfu ya sampuli za mbegu huwekwa katika baridi kali. Hazina hiyo ni bima muhimu. Lakini mbegu iliyogandishwa imesimama pale pale ilipoachwa, wakati iliyo shambani huendelea kukabiliana na wadudu wapya, magonjwa mapya na mvua zisizotabirika. Isitoshe, friji haihifadhi ujuzi wa kuipanda mboga na kuipika. Kwa hivyo hifadhi ya Muguga na bustani ya nyumbani hukamilishana.

Mbegu ipi inafaa kuhifadhiwa?

Si kila mbegu inamfaa mwenye bustani anayetaka kujizalishia. Jambo la kwanza ni kutofautisha chotara na aina za kawaida. Chotara, ambayo huonyeshwa kwenye pakiti kwa alama ya F1, hutokana na kuwachanganya wazazi wawili waliochaguliwa kwa makini. Zao la kwanza huwa la kupendeza na lenye kufanana. Lakini mbegu zilizovunwa kutoka kwa zao hilo huzaa kizazi chenye mchanganyiko: mmea mmoja mrefu, mwingine mfupi, mmoja wenye matunda makubwa, mwingine madogo. Hakuna sumu wala ubaya ndani yake. Tatizo ni kwamba mkulima hawezi kutabiri atakachokipata.

Aina za kawaida ni zile ambazo watoto hufanana na wazazi iwapo hazikuchanganyika na aina nyingine. Mboga karibu zote za kienyeji zimo katika kundi hili. Miongoni mwa nyanya zinazofahamika madukani, Money Maker, Cal J na Rio Grande ni za kundi hili pia, ilhali Anna ni chotara.

Sukuma wiki ina tabia yake. Mmea huu huhitaji kipindi cha baridi ili utoe maua, na ndiyo sababu mkulima wa maeneo ya joto huweza kuchuma majani kwa muda mrefu bila kuona hata ua moja. Katika nyanda za juu zenye baridi huchanua na kutoa mbegu. Kwingineko, njia rahisi ya kuuendeleza ni kukata machipukizi yanayoota ubavuni mwa shina na kuyapanda. Majirani wengi hugawana sukuma wiki kwa njia hii bila kujua kwamba wanachohifadhi ni aina, japo hakuna mbegu iliyobadilisha mikono.

Nyuki na upepo ndio wachanganyaji

Mboga hutofautiana kwa jinsi zinavyochavushwa, na tofauti hiyo ndiyo humwamulia mkulima kazi atakayoifanya. Kunde, maharagwe, nyanya na mnavu kwa kiasi kikubwa hujichavusha zenyewe. Ua huwa limekwisha kujitosheleza kabla mdudu hajalifikia. Mwenye bustani ndogo anaweza kupanda aina mbili za kunde zikitenganishwa kwa hatua chache tu, na bado mbegu zikatoka safi kwa kadiri kubwa.

Mchicha husambaza chavua yake kwa upepo. Hivyo mchicha wa kupandwa huweza kuchanganyika na ule wa mwituni unaoota kandokando ya ua. Njia ya kuepuka ni kung'oa mchicha-mwitu wote ulio karibu kabla haujachanua. Mitoo nayo hutembelewa na nyuki, na mkulima anayependa ile isiyo chungu hana budi kuitenga na ile chungu.

Maboga ndiyo yenye kuhitaji uangalifu zaidi. Mmea mmoja hubeba maua ya kiume na ya kike mbalimbali, na ua la kike hutambulika kwa kiboga kidogo kilicho chini yake. Nyuki huweza kubeba chavua kutoka bustani iliyo mbali na kuleta mchanganyiko usiotarajiwa. Tiba yake ni kazi ya mikono. Jioni, maua ya kiume na ya kike yatakayofunguka kesho yake hufungwa kwa uzi ili nyuki asiingie. Asubuhi mapema, ua la kiume huchumwa, petali zake huondolewa, na chavua yake husuguliwa ndani ya ua la kike, ambalo hufungwa tena. Kikonyo cha tunda hilo hutiwa alama ili lisije likapikwa kwa bahati mbaya.

Boga au kikorojeti chenye uchungu usio wa kawaida hakifai kuliwa wala kutolewa mbegu. Uchungu huo ni ishara ya sumu ya asili, ambayo huweza kurejea iwapo mmea umechanganyika na jamaa zake wa mwituni au wa mapambo, na hauondoki kwa kupikwa.

Kosa la kuacha masalio

Kosa linalofanywa na wengi ni kuchuma majani ya mashina mazuri yote kisha kuachia mbegu mashina yaliyosalia, ambayo mara nyingi ndiyo yaliyowahi kuchanua au yaliyodumaa. Mboga ya majani inayowahi kutoa maua ni ile inayoacha mapema kutoa majani. Anayechukua mbegu zake mwaka baada ya mwaka huwa anajizalishia, bila kujua, mboga yenye msimu mfupi. Baada ya miaka michache hulalamika kwamba mbegu ya nyanya yake "imechoka", kumbe ni uteuzi uliomwendea kombo.

Utaratibu ufaao ni kuchagua mapema mashina yenye afya, yenye majani mengi na yanayochelewa kuchanua, kisha kuyafunga kitambaa ili watu wa nyumbani wasiyachume. Mimea yenye dalili za ugonjwa, hasa majani yenye mabaka ya kijani na manjano au yaliyojikunja, isiachwe kutoa mbegu, kwa kuwa baadhi ya virusi na bakteria husafiri ndani ya mbegu na kuingia msimu unaofuata.

Idadi nayo ina uzito. Kwa mboga zinazojichavusha, mashina machache hutosha. Kwa zile zinazochanganyika, kama vile mchicha, ni vyema kukusanya mbegu kutoka kwa mashina 20 au zaidi, ili aina isije ikadhoofika kwa kuzaana ndani ya ukoo mmoja.

Kuvuna na kukausha

Mbegu za mboga huvunwa kwa njia mbili, kutegemea iwapo zimo ndani ya tunda bichi au ganda kavu.

Nyanya ni mfano wa kundi la kwanza. Tunda huachwa liive kupita kiasi cha kuliwa, mbegu hukamuliwa pamoja na maji yake ndani ya kikombe, kisha huachwa zichache kwa siku mbili au tatu zikikorogwa mara kwa mara. Uchachu huo huyeyusha utando unaozizunguka na hupunguza baadhi ya viini vya magonjwa. Baadaye huongezwa maji. Mbegu nzuri huzama na nyepesi huelea zikamwagwa. Zisiachwe zaidi ya hapo, zisije zikaanza kuota.

Mnavu hufuata njia hiyo hiyo. Matunda yake, meusi au ya rangi ya chungwa kutegemea aina, huvunwa yakiwa yameiva kabisa, hupondwa na kuoshwa mara kadhaa. Kuosha huku ni muhimu kwa sababu sukari ya tunda ikisalia kwenye mbegu huzuia uotaji. Wengi wanaolalamika kwamba mnavu wao umekataa kuota waliukausha pamoja na nyama ya tunda.

Boga huwekwa wiki tatu au zaidi baada ya kuvunwa kabla ya kupasuliwa, ili mbegu zimalize kukomaa.

Katika kundi la pili, kunde, mitoo na mrenda huachiwa maganda yakauke kwenye mmea. Ganda la mitoo hucheza kama kayamba likitikiswa, na hapo ndipo mkulima hujua wakati umewadia. Mgagani haumsubiri mtu: maganda yake membamba hupasuka na kumwaga mbegu ardhini, hivyo huvunwa yanapogeuka manjano, yakamaliziwa kukauka juu ya shuka au gunia. Mashuke ya mchicha hukatwa, hukaushwa na kusuguliwa kwa viganja, kisha mbegu hupepetwa kwa ungo. Ni mbegu ndogo mno, kwani gramu moja pekee hubeba zaidi ya 1,000.

Mbegu zote zikaushwe kwenye kivuli chenye hewa, juu ya sahani au kitambaa, wala si kwenye bati lililo juani. Joto kali huua uhai ulio ndani. Mbegu ya boga iliyokauka vyema huvunjika ikikunjwa badala ya kupinda, na kunde iliyokauka haiachi alama ya jino inapoumwa.

Adui wawili: unyevu na joto

James Harrington, mtaalamu wa mbegu wa Marekani, aliacha kanuni ambayo bado inafundishwa: kila unyevu ulio ndani ya mbegu unapopunguzwa kwa asilimia moja, maisha ya mbegu hiyo huongezeka takriban maradufu, na kila joto la mahali ilipowekwa linapopungua kwa nyuzi tano za Selsiasi, hali huwa ni hiyo hiyo. Kanuni hii haihusu mbegu ambayo tayari imekaushwa kupindukia, lakini kwa mwenye bustani wa kawaida inatosha kuwa dira.

Maana yake ni kwamba mbegu kavu iliyo ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, katika chumba chenye ubaridi na giza, itadumu kuliko iliyosokotwa kwenye karatasi na kuachwa dirishani. Jivu kavu au vipande vya mkaa mkavu vikiwekwa chini ya chupa husaidia kufyonza unyevu. Katika mwambao na maeneo ya ziwa, ambako hewa huwa na unyevu mwingi, hatua hii ni ya lazima.

Kwa kunde na maharagwe kuna adui wa tatu, naye ni fukusi. Mayai yake huweza kuwa yamekwisha kutagwa tangu shambani. Wazee walichanganya kunde na jivu hadi likajaza nafasi zote kati ya punje, na mbinu hiyo ingali inafaa. Njia nyingine ni kujaza chombo kisichopitisha hewa hadi pomoni, ili wadudu wakose hewa. Mwenye friji anaweza kugandisha mbegu zilizokauka vyema kwa siku kadhaa, kisha akaacha chupa irudi kwenye joto la kawaida kabla ya kuifungua.

Umri wa mbegu hutegemea aina. Mbegu ya kitunguu hudhoofika baada ya mwaka mmoja au miwili, ilhali ya nyanya na ya boga huweza kudumu minne au mitano zikitunzwa.

Kabla ya kupanda au kumpa mtu mbegu za zamani, ni uungwana kuzipima. Mbegu 20 huwekwa ndani ya kitambaa chenye unyevu, kikatiwa kwenye mfuko mahali penye uvuguvugu, zikahesabiwa zilizoota baada ya siku kati ya tano na kumi. Zikiota 16, uwezo wake ni asilimia 80. Zikiota chini ya nusu, zipandwe kwa wingi na zizalishwe upya msimu huo huo, kwa sababu mwaka unaofuata huenda pasiwe na kitu.

Kipimo hiki kina mitego miwili. Mgagani uliovunwa karibuni hulala usingizi kwa miezi kadhaa, na anayeupima mapema huenda akautupa akidhani umekufa. Mrenda nao una ganda gumu. Mbegu zake hufungwa ndani ya kitambaa na kuchovywa kwa sekunde kama kumi hivi ndani ya maji yaliyotoka tu kuchemka, kisha hupozwa na kupandwa.

Adabu za kugawana

Kubadilishana mbegu kuna taratibu zake, hata kama hazijaandikwa popote. Katika vijiji vingi mbegu haikukataliwa mwombaji, naye aliyepewa alitarajiwa kurejesha kiasi baada ya mavuno. Siku hizi desturi hiyo imepata sura mpya katika vikundi vya akina mama, maonyesho ya mbegu na hazina za mbegu za jamii. Mojawapo ya mashirika yaliyoipigia debe ni Seed Savers Network, lililoanzishwa mwaka wa 2009 na lenye makao yake Gilgil, Kaunti ya Nakuru.

Jambo la kwanza ni maelezo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mbegu isiyo na jina baada ya miaka miwili huwa ni punje tu. Kila pakiti iandikwe jina la mboga, kwa lugha ya kienyeji pia ikiwezekana, mahali ilikovunwa, mwezi na mwaka, na sifa zake kuu: chungu au la, inachelewa kuchanua au la. Mbegu iliyozoea baridi ya Kinangop huenda isifanye vyema Kilifi, na anayepokea ana haki ya kujua.

La pili ni ukweli. Iwapo mtoaji anashuku kwamba mboga yake imechanganyika, aseme. Iwapo shamba lake lilikuwa na ugonjwa, asigawe. Mbegu moja yenye maradhi huweza kuharibu bustani za mtaa mzima, na hapa ndipo wasiwasi wa wakaguzi wa serikali unapokuwa na msingi.

La tatu ni mipaka. Kupelekea mbegu jamaa walio ng'ambo, au kurejea nazo kutoka safarini, si sawa na kumpa jirani. Mbegu zinazoingia nchini huhitaji kibali cha KEPHIS, na zinazotoka huhitaji cheti cha afya ya mimea. Wadudu na magonjwa hatari ya mimea yamewahi kuvuka mabara kwa njia hiyo.

La nne, ambalo huenda ndilo kuu, ni kutoa kabla ya kuombwa. Mkulima aliyewagawia majirani watatu mbegu zake za mgagani ana hazina nne. Mvua ikikatika kwake, au mbuzi wakivamia kitalu, atajua mlango wa kubisha. Aliyeficha zote ndani ya chupa yake moja ameiweka aina nzima ya mboga rehani kwa bahati ya msimu mmoja.

Kwa sasa hofu ya gereza imeondolewa kwa wenye mbegu za kienyeji. Kilichosalia ni kazi ya kila msimu: kuacha mashina kadhaa yakomae, kuandika jina kwenye pakiti, na kuvuka ua kumpelekea jirani.